Sahani ya Pembeni

Ninaandika haya nikiwa na kovu la urefu wa kiganja juu ya kitovu, na kila likiwasha nafurahi, maana wauguzi wamenihakikishia kwamba kovu linalowasha ni kovu linalopona. Ninawaandikia wale walioambiwa hospitalini "punguza mwili kwanza, halafu urudi", wakarudi nyumbani bila kujua waanzie wapi. Mambo ya dawa waulizeni wenye kazi yao. Mimi nitawaeleza tu jinsi mwaka ule ulivyopita nyumbani kwetu Panda, hapa Likasi, na jinsi nilivyogundua, baada ya watoto wanne, ni mtu wa namna gani aliyenioa.

Naitwa Odile, mwalimu wa darasa la tatu. Nilinenepa tangu mtoto wa pili, na unene ule haukuninyima usingizi. Kwetu mwanamke akinenepa, sifa zinakwenda kwa mume. Wanawake wa kwaya walikuwa wakiniminya mkono baada ya misa na kusema kwamba Papa Clémence anajua kutunza. Papa Clémence ni Ilunga, mume wangu, fundi wa pampu kwenye kiwanda cha shaba. Clémence ni binti yetu wa kwanza. Kila kitenge changu kilipohitaji kuongezewa upana, Ilunga alipandishwa cheo mtaani.

Baada ya mtoto wa nne kitu kilianza kutokeza juu ya kitovu changu. Kilikuwa kidogo kama ndimu. Nikilala chali kinarudi ndani chenyewe, nikikohoa kinatoka. Hospitalini walisema ni ngiri. Nikaizoea, nikaifunga kwa kitambaa, nikaendelea na maisha. Sukari nayo ilikuwa imepanda, magoti yalikuwa yakilalamika, na Ilunga alisema ninavyokoroma hata mbwa wa jirani ananijibu. Yote hayo niliyaita uzee.

Kisha mwezi wa kwanza, mvua ikipiga mabati ya shule hadi hatusikiani, nilikuwa mbele ya ubao nikiandika hesabu za kutoa. Nilipiga chafya. Ngiri ikatoka, ikawa ngumu kama jiwe, ikakataa kurudi. Nilikaa chini kwenye sakafu mbele ya watoto. Maumivu yale sina jina lake. Nilitapika njia nzima hadi hospitali, kichwa changu kikiwa kwenye mapaja ya Ilunga, ambaye alikuja na nguo za kazi, mikono imejaa grisi.

Daktari wa upasuaji aliisukuma kwa mikono yake kwa muda mrefu, jasho likimtoka puani, na mwisho ikaingia. Alikaa kwenye kiti akapumua. Halafu akatueleza bila kupaka asali. Ngiri hii lazima ishonwe, kwa sababu siku ikinaswa tena utumbo unaweza kuoza. Lakini kwa mwili nilio nao na sukari niliyo nayo, dawa ya usingizi ilikuwa hatari kwangu, na hata ningeamka, uzi ungechanika tu. Nipungue, nirudi, atanishona vizuri.

"Na ikinaswa kabla sijapungua?" nilimuuliza.

"Maman, pale tutapasua tu. Na tutasali," alisema.

Basi hayo ndiyo yalikuwa mashindano yangu. Mimi na ndimu ile, nani atatangulia.

Alinituma kwa daktari mwingine, dada mmoja kijana anayeshughulikia watu wa sukari. Nje ya mlango wake kuna benchi refu la mbao, na mwisho wa benchi, katikati ya njia ambapo kila mtu anapita, kuna mizani. Nilijifunza kulichukia benchi lile. Unakaa tangu asubuhi, na thermos yako na mfuko wako wa plastiki, unasogea kila mtu mmoja akiingia, na kadiri unavyosogea ndivyo mizani inavyokaribia. Muuguzi alikuwa akisoma uzito kwa sauti ili mwenzake aliye ndani aandike. Watu wote wanageuka. Siku ya kwanza nilipopanda, yule muuguzi aliangalia sindano ya mizani, akaniangalia usoni, akanyamaza. Aliingia ndani mwenyewe kumnong'oneza mwenzake, akatoka akaendelea kuwasomea wengine kwa sauti ileile. Sikuwahi kumwuliza kwa nini. Lakini wema ule ulinirudisha pale kila mwezi.

Daktari wa sukari aliniuliza maswali mengi kuhusu magonjwa ya ukoo wetu, akapima damu, akasema kuna sindano ya kupunguza mwili ambayo ninaweza kujaribu. Unajichoma tumboni mara moja kwa juma, inatuliza njaa. Itatoka Lubumbashi ikiwa kwenye barafu. Halafu akainua kidole kama nifanyavyo mimi darasani. Alisema sindano itanifikisha nusu ya njia. Nusu nyingine iko jikoni na barabarani. Mimi nilisikia nusu ya kwanza tu. Ilunga, aliyekuwa amekaa kando amekunja kofia yake mkononi, alisikia zote mbili.

Tukiwa njiani kurudi nilimwomba kitu kimoja: asimwambie mtu yeyote, hasa kaka yangu.

Hapa lazima niwaeleze kaka yangu ni nani. Ni Yaya Kasongo, maana kwetu ndugu mkubwa anaitwa yaya, mfanyabiashara anayekaa upande wa Buluo. Wazazi wetu walipofariki yeye ndiye aliyebaki baba. Miaka mingi iliyopita mdogo wetu wa mwisho, Anastasie, aliugua na kukonda, kila juma akikonda zaidi, hadi Yaya akawa anambeba mgongoni kumpeleka msalani. Alifia mikononi mwake. Tangu hapo Yaya Kasongo haogopi kitu duniani isipokuwa mtu anayekonda. Akija kututembelea kwanza anatutazama mashavu. Nilijua akisikia kwamba ndugu yake analipia dawa ya kukonda, ataitupa dawa chooni na mimi atanipeleka kwake nikalishwe. Hakuna ambaye angemzuia, maana kwetu kaka mkubwa akisema juu ya mwili wa dada yake, amesema.

Ilunga akasema, "Minye siwezi kumudanganya Yaya. Lakini kama ni kunyamaza, nitanyamaza mpaka weye mwenyewe useme."

Nikaridhika. Sikufikiria ukimya ule ungekuja kumgharimu nini.

Sindano ya kwanza alinichoma yeye, kwa sababu mimi mwalimu mzima niliogopa. Umeme wetu unakatika unavyotaka, na dawa ile haitaki joto, lakini pia haitaki kuganda. Ilunga alitafuta thermos nyekundu ya mdomo mpana. Kila umeme ukikatika alikwenda kwa jirani yetu anayeuza samaki wa ziwa Tshangalele, akaomba barafu, akaifunga kwenye taulo ili isiguse dawa, akaweka na kitambaa kingine katikati. Alikuwa akiikagua kabla ya kwenda zamu na baada ya kurudi. Nilimtania kwamba hata watoto wake hakuwafunika vizuri hivyo. Alisema watoto walikuwa na mama yao wa kuwafunika, hii haina mama.

Wanaoanza niwaambie ukweli: miezi ya mwanzo tumbo lilinichukia. Nilicheua harufu ya mayai mabovu mbele ya wanafunzi, wakajisemea kwamba ni mwenzao wa dawati la nyuma, na mimi, Mungu anisamehe, nikawaacha waamini hivyo. Choo kilikuwa kigumu. Mafuta ya mawese, ambayo nimeyapenda tangu utotoni, yalinichefua hata yakipita barabarani. Lakini njaa iliondoka. Yaani sauti ile iliyokuwa ikiniita jikoni tangu asubuhi hadi usiku ilinyamaza, nikashangaa kumbe watu wengine wanaishi katika ukimya namna hii.

Nikafurahi kupita kiasi. Kama sioni njaa, nile kwa nini? Chai asubuhi, matonge mawili jioni ili watoto wasiulize. Mizani ilishuka haraka, nikajiona shujaa. Tukiwa tunakaribia mwisho wa mvua, siku moja nilinyanyua ndoo ya maji ya kuoshea darasa na mikono ikakataa. Nikaanguka. Nilipofumbua macho niliona duara la nyuso za watoto, na mmoja alikuwa ameanza sala ya marehemu.

Daktari wa sukari hakunikaripia, na hiyo iliniuma zaidi. Aliomba nishike mkono wake na kuminya kwa nguvu zote. Niliminya. Akasema hata mtoto wake anaminya kuliko hivyo. Nilikuwa nikipoteza nyama ya mwili pamoja na mafuta, na mtu asiye na nyama hashoneki vizuri wala haponi. Sindano imezima njaa, haikuzima haja ya chakula. Nile samaki, maharage, mayai, mboga, kwanza hivyo, bukari, ugali wetu, baadaye na kidogo. Nitembee kila siku. Ninyanyue vitu, lakini kwa taratibu na tumbo likiwa limefungwa, si ndoo nzima kwa mkupuo.

Hapo ndipo ilipoanza habari ya sahani.

Sisi tunakula pamoja. Bukari inakaa katikati kwenye sahani kubwa, mboga kando, mikono yote inaingia. Ni chakula cha upendo, lakini ukitaka kujua umekula kiasi gani, hutajua kamwe. Mkono unafuata mikono. Mimi sikujua kama nakula samaki wa kutosha au nawaachia watoto, kama mama yeyote anavyofanya bila kufikiri. Ilunga alinitazama siku kadhaa. Kisha akarudi na sahani ndogo ya bati, ya bluu, akaiweka mbele yangu: samaki mzima, rundo la mboga za lengalenga, na bukari iliyolingana na ngumi ya mtoto.

Nilikataa. Kwetu mtu anayepewa sahani ya pembeni ni mtu wa kifua kikuu, au mwanamke ambaye mumewe anamfukuza bila kutamka. Nilimwambia unanitenga mbele ya watoto wangu. Ilunga alikaa karibu yangu badala ya kwenda mahali pake, akasema ni mpaka mkono wangu ujue kipimo chake wenyewe. Siku hiyo nililia nikila. Lakini samaki yule nilimmaliza.

Asubuhi tulitembea. Akitoka zamu ya usiku hakuingia kulala. Alinikuta mlangoni nimefunga tumbo, tukashika njia inayopita nyuma ya kambi za wafanyakazi, safu kwa safu za nyumba zinazofanana, hadi mlima unapoanza. Mwanzoni nilisimama kila nguzo ya umeme. Alisimama na mimi akijifanya anakagua nyaya. Mwezi wa sita baridi ilipoingia nilitetemeka kuliko watu wote, kwa sababu blanketi langu la asili lilikuwa limepungua. Alinivalisha koti lake la kazi, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yetu likafunga vifungo. Nilisimama barabarani nikifunga na kufungua vifungo vile kama mjinga.

Mwili ulinishangaza kwa mengine pia, na si yote mazuri. Nywele zilibaki kwenye kitana. Ngozi ya mikono ililegea ikapepea. Pete ya ndoa ilitumbukia kwenye beseni la vyombo, tukaikuta kwenye maharage. Lakini magoti yalinyamaza. Sukari ilishuka. Kukoroma kulikoma, na Ilunga akalalamika kwamba anaamka kuangalia kama bado ninapumua.

Naye mwenyewe alikuwa akipungua, kwa kutembea na kula ninavyokula. Hapo mdomo wa mtaa ukafunguka. Mume na mke wakikonda pamoja, watu wana jibu lao tayari. Mwanamke mmoja wa kwaya alisogeza kikombe chake mbali na changu. Kiwandani walimwambia Ilunga kwamba ana bibi mwingine na chakula chetu kinaliwa huko. Aliniletea habari hizo akicheka kidogo, kama mtu anayesimulia mambo ya wengine. Niliuliza amewajibu nini. Alisema amewaomba wamwonyeshe huyo bibi, maana angependa kujua anapika nini.

Mwezi wa nane, upepo wa vumbi jekundu ukiwa umekaa kila mahali hadi kwenye mashuka, Yaya Kasongo alikuja bila kuarifu. Alitukuta tunakula. Ilunga na watoto kwenye sahani kubwa, na mimi nimekaa na sahani yangu ya bluu. Aliniangalia mashavu. Aliangalia sahani. Tulimkaribisha, tukamletea maji ya kunawa, hakunawa. Alisema ameshiba, akatoka, na nilipomsindikiza hadi kwenye gari hakuniangalia tena.

Baada ya siku chache alirudi na mkewe, Mama Régine, na binamu zetu wawili, wamevaa nguo za heshima. Nilijua wamekuja kwa nini. Kwetu ndugu wa mwanamke wana haki ya kumwuliza mume amemfanya nini mtu wao, na wakiona jibu halitoshi wanamchukua siku hiyohiyo. Watoto walitolewa nje. Mimi nilikalishwa kwenye mkeka karibu na mlango, kama kitu kinachogombaniwa.

"Beau-frère," Yaya alimwambia shemeji yake, "ile siku tulikupatia Odile alikuwa na mwili. Bantu yote baliona. Leo minye naona mifupa. Na niliona ile sahani. Weye na batoto munakula pamoya, yeye anakula pembeni sawa muntu wa kufukuza. Uko na bibi ingine?"

"Apana, Yaya."

"Basi sema iko nini."

Ilunga alikuwa ametoka zamu, hajalala. Aliangalia mikono yake. Nilimwona akitafuta njia na asiione. Alisema hajaninyima chakula hata siku moja. Alisema kuna jambo, lakini si lake kulisema. Binamu mmoja akaguna. Walimsukuma kwa maneno, wakamwita mtu wa siri, wakamkumbusha mahari, wakamkumbusha marehemu baba yetu aliyemwamini. Hakuinua sauti. Mimi sikumsaidia, kwa sababu nilijua nikitaja dawa Yaya ataichukua, na daktari wa upasuaji alikuwa amekwisha kusema nimebakiza kidogo tu.

Yaya Kasongo alisimama. Aliniambia nichukue nguo.

Ilunga naye akasimama. Nilidhani sasa ataropoka, na ningemsamehe. Alipita mbele yao akaingia chumbani, akatoka na thermos nyekundu. Akampa Yaya kwa mikono miwili.

"Kama unamubeba, mubebe na hii," alisema. "Isipate joto, na isigande. Asubuhi umupatie samaki, hata kama anakataa. Na umutembeshe. Polepole, juu ya ile mulima anachoka."

Sauti yake ilikatika kwenye mlima. Yaya alibaki ameshika thermos, hajui aishikeje.

Nimewahi kusikia watu wakimsifu mume kwa nyumba aliyojenga au kwa watoto aliowasomesha. Mimi mume wangu nilimwona siku ile. Walikuwa wakimnyang'anya mke kwa kosa ambalo hakulifanya, naye aliwaza habari ya barafu. Nilisimama. Ni mwiko kwetu dada kuonyesha tumbo lake mbele ya kaka, kwa hiyo nilimshika mkono Mama Régine, nikamwingiza chumbani, nikafunga mlango, nikafungua kitenge na kile kitambaa. Nikakohoa ili aione ngiri ikitoka. Nilimweleza yote, tangu ubaoni hadi sindano. Aliigusa kwa kidole kimoja. Aliuliza kama inauma. Kisha akaniuliza kwa nini sikumwambia Yaya, na kabla sijajibu akasema mwenyewe, "Anastasie." Tukakaa kitandani kidogo, tumeshikana.

Alipotoka hakwenda kwa mumewe. Alipiga magoti mbele ya Ilunga, akapiga makofi ya polepole ya kuomba radhi, viganja vimekunjwa, kama wanavyofanya mama zetu. Halafu akageuka.

"Odile iko na ugonjwa wa tumbo, banapashwa kumupasua," alimwambia Yaya. "Apungue kwanza njo apone. Huyu bwana njo anamuchunga. Ile sahani ni dawa."

Yaya Kasongo alikaa chini. Aliomba aelezwe tena, kisha tena. Aliniuliza mara moja tu, bila kunitazama, kama ninakonda kwa kufa au ninakonda kwa kupona. Nilimwambia kwa kupona. Alilia waziwazi, mbele ya binamu, akijipangusa kwa tai yake. Nilimhurumia. Kaka yangu si mtu mbaya, alikuwa amebeba mgonjwa mmoja mgongoni maisha yake yote.

Kwetu anayemshtaki shemeji bure analeta kuku. Yaya alisema kuku ataleta, lakini si leo. Ataleta siku nitakayotoka hospitalini kwa miguu yangu. Alirudisha thermos kwa mikono miwili, kama alivyopewa.

Kabla ya upasuaji madaktari walisimamisha sindano kwa majuma kadhaa, kwa ajili ya usalama wa dawa ya usingizi. Hili hakuna aliyenionya litakavyokuwa. Njaa ilirudi na mizigo yake yote, ikakaa sebuleni. Niliota mikate ya kukaanga. Nilisimama jikoni nikinusa chungu kitupu. Sindano haikuwepo tena kunishika mkono. Vilivyobaki ni sahani ya bluu, barabara ya nyuma ya kambi, na Ilunga mlangoni na viatu vyake vya zamu. Sasa nikaielewa ile nusu nyingine aliyoisema daktari. Sikuongezeka. Siku nyingine nilikula kwa hasira, lakini nilikula kipimo, na mlima niliupanda hadi juu, nikaiona Likasi yote chini imejaa maua ya zambarau, kwa sababu miti ya jakaranda ilikuwa imeanza kuchanua.

Ngiri haikunitangulia. Mwezi wa kumi nililazwa. Siku ya upasuaji muuguzi wa mizani alipita karibu na kitanda changu, akaniminya mguu kupitia shuka. Nakumbuka taa, nakumbuka daktari akinitania kwamba hakunitambua na niombwe kitambulisho. Halafu nakumbuka maumivu, na kiu, na uso wa Ilunga uliokuwa umevimba kwa kukosa usingizi. Nilimwuliza kama imekwisha. Alisema imekwisha. Nilimwuliza kama wameshona vizuri. Alisema daktari amesema nyama ilikuwa nzuri, imeshika uzi. Alilisema hilo neno la nyama kwa majivuno, na ana haki, samaki wale wote ni yeye aliyewanunua.

Daktari wa sukari alinirudishia sindano baadaye, kwa kipimo kidogo, na tunaendelea naye. Hajui itaendelea hadi lini, nami sijui. Ninatembea.

Mvua za kwanza zilipoanza, Yaya Kasongo alikuja. Alikuwa na jogoo mwekundu kwapani, mkubwa, mwenye kelele, na koti lake lote lilikuwa limechafuliwa. Alimkabidhi Ilunga mlangoni, mbele ya majirani, kwa sauti ya kutosha wasikie. Wale wa kwaya pia walisikia, nilihakikisha. Mama Régine na Clémence walipika, jogoo bila ngozi, mboga nyingi, bukari ikapakuliwa katikati.

Beseni la kunawa lilipofika kwa Yaya, hakunawa haraka. Mama Régine alikuwa amemlazimisha kwenda kwenye benchi lile refu, na muuguzi alikuwa amesoma uzito wake kwa sauti. Sukari yake ilikuwa imepita ya kwangu. Aliangalia huku na huku sebuleni, kisha akaniangalia, bila kunitazama mashavu.

"Odile," alisema, "ile sahani ya bluu iko wapi? Njo minye nitakula mo ndani."

Clémence alimletea. Yaya Kasongo akakaa nayo magotini, na ngumi yake ya bukari, akiitazama kwa huzuni. Mimi nikabaki nimesimama na kitambaa cha vyombo mkononi, sina sahani. Sikuwa nimekula mkono mmoja na watoto wangu tangu mvua zilizopita. Ilunga alisogea kidogo kwenye mkeka, na upande wake wa kushoto, pale nilipokuwa nikikaa zamani, nikaona kwamba hapakuwa na mtu. Watoto walikuwa wamebanana upande wa pili miezi yote ile, na mimi sikuwahi kujiuliza kwa nini.

Nikanawa mikono, nikakaa.